Zamu ya Cuthbert

Ndege ilitua Songea saa nne na nusu asubuhi, na mzee Izidori akawa wa mwisho kushuka. Wenye haraka zao walimpita mlangoni wakimwambia pole mzee, naye akawaitikia kwa kichwa. Daktari wa Dar es Salaam alikuwa amempasua nyonga, akamtia chuma, akamshona, kisha akamkabidhi magongo mawili na orodha ya makatazo: asiiname, asikae chini, asitembee mwendo mrefu. Binti yake Gertruda, mwalimu wa hesabu huko Dar, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amrudishe nyumbani Mbinga, na ile orodha alikuwa ameikariri neno kwa neno.

Izidori alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia hapo hapo uwanjani, akiendesha teksi. Alizipokea ndege za kila namna, na kabla ya safari hii hakuwahi kupanda hata moja. Kwenda Dar alipelekwa kwa gari la wagonjwa, amelala chali, anahesabu mashimo ya barabara kwa maumivu. Kwa hiyo siku hiyo ndiyo kwanza alitoka kwenye ule mlango kama abiria, na moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Alikuwa na jambo lake. Usiku wa kuamkia upasuaji, alipolala akijua huenda asiamke, hakuwafikiria watoto wala shamba la kahawa. Alimfikiria mtu mmoja aliyeitwa Cuthbert, na akamwahidi Mungu kwamba akinyanyuka kitandani atamtafuta amwombe msamaha. Ni miaka ishirini na mmoja walikuwa hawajasemezana. Hakujua Cuthbert anakaa wapi siku hizi, ila aliamini kijiweni pale kwa madereva hatakosekana wa kumwelekeza, maana dereva wa teksi akikosa habari ujue habari hiyo haipo.

Kijiwe kile alikianzisha yeye. Walikuwa na magari manne, ndege zikija mara mbili tu kwa wiki, na yeye ndiye aliyepigilia ubao wenye misumari chini ya mti wa mjakaranda. Dereva akifika alfajiri alitundika ufunguo wake kwenye msumari wa kwanza, anayemfuata wa pili, na kuendelea. Ndege ikitua, abiria wa kwanza kutoka alichukuliwa na ufunguo wa kwanza. Abiria hakuchagua gari. Kama hilo limepasuka kioo, ndilo lake. Kama dereva ananuka vitunguu, ndiye wake. Mwenye kuringa alikaribishwa asubiri ndege ya Jumamosi.

Na walikuwa na utu, jamani, hata kama mimi ninayesimulia nitaonekana nawasifu wazee bure. Walichangia chungu kimoja cha maharage. Ndege waliisikia kabla haijaonekana, wakajipanguza vumbi la viatu kwa nyuma ya suruali. Abiria hawakumwacha barabarani. Walimfikisha mlangoni kwao, wakapiga hodi, wakasema tumemleta mtu wenu, wakanywa maji waliyopewa, ndipo wakageuza gari. Mama mmoja wa kijiji cha Mapera alimpokea mwanawe namna hiyo baada ya miaka tisa, na mpaka anakufa alikuwa akimwombea Izidori kwenye misa, akimtaja kwa jina la gari lake kwa sababu la kwake hakulijua.

Izidori alitoka nje akautafuta ubao kwa macho. Mjakaranda ulikuwepo. Ubao haukuwepo, na mahali pake palisimama bango la bima. Vijana sita walimvamia pamoja, mmoja akashika begi, wa pili akalishika upande wa pili, kila mmoja akitaja bei yake na kumshusha mwenzake.

Izidori akauliza nani wa kwanza. Vijana wakatazamana. Mmoja akamjibu kwa adabu kabisa kwamba wa kwanza ni yule atakayeelewana naye, mzee, na wenzake wakacheka. Hawakuwa watoto wabaya. Hawakujua tu wanaongea na nani, na Izidori akaona haya kuwaambia, maana mtu anayelazimika kujitambulisha nyumbani kwake ameshapoteza nyumba.

Gertruda naye alikuwa pembeni anabofya simu. Yeye haya mambo ya kugombaniwa alikuwa ameyasahau zamani. Alimweleza baba yake, kwa sauti ile ile anayowafundishia wanafunzi wazito, kwamba siku hizi hata Songea kuna teksi mtandao: unaandika unakokwenda, simu inakuonyesha bei, jina la dereva na namba ya gari, hakuna kuvutana. Baba yake akamwambia gari halipigiwi mluzi kama mbwa. Akasema yeye atapanda teksi ya kijiweni kama Mkristo. Gertruda akamwuliza ni ipi kati ya zile sita zinazompasulia begi. Wakabishana hapo juani, kwa upendo, lakini wakabishana.

Kelele hizo ndizo zilizomwamsha Damiano. Alikuwa amelala kwenye gari lake chini ya mjakaranda, kofia usoni, mwenye miaka sitini na saba na meno machache, wa mwisho aliyebaki katika watu wa ubao. Alipomwona Izidori alitoka bila viatu. Alimwita Mwenyekiti, akamkumbatia kwa tahadhari kwa sababu ya magongo, akawageukia vijana na kuwaambia mnamfahamu huyu ninyi, huyu ndiye aliyewafanya mkaitwa madereva. Vijana wakaliachia begi. Wakatoa shikamoo sita, moja baada ya nyingine, na Izidori akaziitikia zote.

Basi likaonekana limekwisha. Damiano angewapeleka, na njiani Izidori angemwuliza habari za Cuthbert. Gertruda tu ndiye aliyesita, akatazama simu na kusema kwamba samahani, Baba Damiano, gari alikuwa ameshaliita tangu wakati ule wa kubishana, na limekubali.

"Nitaghairi," alisema. "Lipo karibu tu, hapo nje. Gari jeupe, dereva anaitwa Cuthbert."

Damiano akatazama chini. Izidori akamgeukia. Aliukaza mkono kwenye gongo mpaka mishipa ikasimama, kisha akamwuliza Damiano kama ni yeye.

Damiano akasema ndiye. Miaka miwili sasa. Kila ndege inapotua anakuwa nje ya geti, ng'ambo ya barabara, anangoja simu imwite. Humu ndani hakanyagi. Kwanza magari ya mtandao yamekatazwa kuingia, vijana waliyafukuza wakasema yanaruka zamu, ingawa wenyewe hawana zamu tena, yakasukumwa mpaka nje. Lakini hata yasingekatazwa, Damiano alisema, yule asingeingia, Mwenyekiti, na wewe unajua kwa nini.

Alijua. Aprili ya mwaka 2003 mvua ilikuwa imekataa kukatika. Siku ya Alhamisi asubuhi dereva wa lori la samaki alimletea Cuthbert kikaratasi kutoka kwao Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, mwandiko wa dada yake Yuliana: Mama mgonjwa sana, njoo upesi. Siku hiyo ndege ilileta abiria mmoja tu wa ziwani, mchungaji wa kwenda Liuli, naye ndiye aliyetoka wa kwanza, na kwa njia waliyopita wakati ule, ukienda Liuli unapitia Lundo. Gari alilokuwa akiendesha Cuthbert lilikuwa la tajiri, na bila abiria halikuruhusiwa kutoka mjini. Ufunguo wake ulikuwa kwenye msumari wa tatu. Wa kwanza ulikuwa wa Damiano, na Damiano mwenyewe alishautoa, akatundika wa Cuthbert mahali pake, akasema nenda, kaka, mama ni mmoja.

Izidori ndiye aliyeurudisha ule ufunguo kwenye msumari wa tatu, mbele ya watu wote. Alikuwa mwenyekiti, na wiki hiyo hiyo alikuwa amewapiga faini wawili kwa kuuziana zamu kichinichini. Alisema wakianza kupeana leo, kesho watauziana. Na angeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini akaongeza neno ambalo wakati ule lilimpendeza masikioni. Alisema: "Zamu haina mama."

Cuthbert hakubisha. Hilo ndilo lililokuja kumkaa Izidori rohoni zaidi ya mengine. Kama angetukana, kama angelichukua gari kwa nguvu, wangekuwa sawa. Alikaa kwenye jiwe akangoja zamu yake, ikamwangukia ofisa wa kwenda mjini, mwendo wa dakika kumi. Jioni akadandia lori. Lori likazama kwenye tope huko milimani kupita Mbinga, na Cuthbert akafika Lundo Ijumaa mchana, akakuta kaburi.

Hakurudi kijiweni. Ufunguo alimrudishia tajiri wake kwa mkono wa mtu. Madereva walituma gunia la mahindi la rambirambi, likarudi na lori lile lile, limeshonwa kama lilivyokwenda, na hakuna aliyethubutu kulipika. Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi hawakukosea. Kidole cha Izidori kingepona kabla ya Pasaka.

Na walikuwa wamependana, ndiyo maana ikauma. Cuthbert aliletwa kijiweni akiwa na miaka ishirini na miwili, Mnyasa mwembamba aliyejua kuendesha mtumbwi tu, na Izidori, Mmatengo wa milimani asiyejua kuogelea, akamfundisha gari. Cuthbert alimwita kaka. Kila akitoka kwao alimletea mbasa aliyekaushwa, amefungwa kwenye majani ya mgomba, na Katarina mke wa Izidori alimpima Cuthbert kwa ukubwa wa yule samaki. Walitaniana juu ya dini mpaka watu wakaja kuwasikiliza. Cuthbert, Mwanglikana, alidai nyimbo zao ni tamu zaidi, Izidori, Mkatoliki, alidai za kwao zinafika haraka. Gertruda miaka hiyo alikuwa shule ya bweni, jina la mleta samaki hakulishika.

Sasa Gertruda alikuwa na kidole juu ya simu. Kutoka pale mpaka nje ya geti ni mbali kwa mtu wa magongo, tena jua kali, na teksi ya Damiano iko hatua tatu tu. Yeye aliyekuwa akiupigania mtandao ndiye aliyeanza kuupinga. Alisema daktari amekataza. Alisema aghairi tu, hakuna atakayeumia.

"Usighairi," Izidori alisema. "Damiano, nisamehe. Leo nampita mtu wa kwanza kwenye foleni."

Damiano akajibu kwamba yeye alishaitoa zamu hiyo siku nyingi. Akachukua begi, akatangulia.

Walikwenda polepole. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na Izidori aliusikia ukimkata kila hatua, kwa kuwa ni sheria yake mwenyewe, imekua, imezaa, ndiyo inayomtembeza juani. Alipumzika mara tatu. Mara ya tatu Gertruda alikuwa analia kwa hasira, akisema kama ni kiburi basi kimezidi, naye akamwambia mwanangu, kiburi kilikuwa kile cha zamani.

Cuthbert alikuwa amesimama kando ya gari jeupe, simu mkononi, anamtafuta abiria anayeitwa Gertruda. Alikuwa na mvi. Miaka hamsini na mitano ilikuwa imemnenepesha shingo, lakini kusimama kwake kulikuwa kule kule, uzito wote mguu mmoja. Alimwona Damiano kwanza, kisha mwanamke, kisha mzee wa magongo. Kidole chake kilikwenda kwenye simu, na Izidori akajua kwamba hata dereva anaweza kughairi. Kikakaa pale muda. Halafu akakiondoa.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Izidori akaitikia marahaba. Kuitwa mzee na Cuthbert kulimuuma kuliko nyonga. Cuthbert alifungua mlango wa nyuma, kama wafanyavyo madereva wa mtandao kwa abiria yeyote, akasaidia miguu kuingia kwa mikono myepesi, akafunga.

Waliondoka. Gertruda, ambaye sasa alikuwa ameshamaizi kwamba amekalia jambo zito, alitazama dirishani. Barabara ya lami ilinyooka mbele yao, na Izidori akawa anaisoma kwa kumbukumbu. Hapa walikwama mpaka asubuhi na bibi harusi wa watu garini, mwaka wa mvua kubwa. Pale Cuthbert alijifunza kurudi nyuma, akaua kuku watatu, na mwenye kuku akawalazimisha wakae wawale. Kitai, njia panda ya kwenda Lituhi, ndipo walipokuwa wakishuka kunywa chai, na mwenye mgahawa alijua wa milimani anataka sukari na wa ziwani hataki. Alitamani kusema unakumbuka. Lilimfika mdomoni mara nne. Lakini anayemwambia mwenzake unakumbuka ni lazima awe na haki ya kukumbushia, na yeye hakuwa nayo.

Cuthbert aliendesha vizuri. Hakusema kitu isipokuwa kuuliza kama upepo unawatosha.

Milima ya Mbinga ilipoanza kujitokeza, yenye ngoro zake, mashimo ya kulimia ya Wamatengo, zilizochimbwa mteremko mzima, Izidori aliona kwamba kama hatasema, safari itakwisha, simu italia, na Cuthbert atageuza. Akasogea mbele kadiri chuma kilivyomruhusu.

"Cuthbert," alisema, "ile Alhamisi niliutoa ufunguo wako kwenye msumari. Nilisema zamu haina mama. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua mama yako ni mgonjwa, na nilitaka watu wanione. Nakuomba unisamehe."

Cuthbert alisogeza gari pembeni akazima. Malori mawili yalipita. Gertruda alishika mkono wa baba yake.

"Mimi siwezi kukujibu peke yangu," Cuthbert alisema hatimaye, akiwa bado anatazama mbele. "Aliyemuuguza ni dada. Ndiye aliyekaa naye siku ile mpaka jua linazama, mama anauliza nimefika wapi. Kila nikimkumbuka mama, namkumbuka kwa hilo swali. Sasa nitakusamehe vipi mimi, wakati aliyelisikia ni mwingine? Yupo Lundo. Ukitaka msamaha, tuufuate."

Gertruda akaanza kusema habari za daktari. Izidori akasema twende.

Mbinga mjini simu ya Gertruda ikawaambia wamefika na ikawatakia siku njema. Cuthbert akaitia ya kwake kwenye kisanduku cha gari. Alishuka, akaenda nyuma, akamsaidia Izidori kutoka na kumhamishia kiti cha mbele, akasema tu kwamba huko mbele kona ni nyingi na nyuma kunarusha. Gertruda akampigia mama yake, Katarina, akamwambia chakula akifunike.

Lami iliwashusha kupita kule kule kwenye tope la zamani. Izidori alitaka kuuliza ni kona gani lori lilizama. Hakuuliza, ila aliona mahali fulani Cuthbert alipunguza mwendo bila sababu. Kisha Ziwa Nyasa likafunguka chini, buluu mpaka ng'ambo, na hata Gertruda aliyezoea bahari akasema loo. Izidori alilitazama akajisikia vibaya kwamba bado linapendeza.

Walifika Lundo kama saa tisa na nusu. Yuliana alikuwa uani anageuza dagaa kwenye chanja, mwanamke wa miaka sabini, mrefu, kitenge kimefungwa kifuani juu ya gauni. Alimfurahia mdogo wake, akawakaribisha wageni, akaagiza viti. Izidori akakataa kukaa. Alisema kwa desturi ya kwao asiyefika mazikoni hupelekwa kaburini kabla hajala wala kunywa, na yeye hakufika. Yuliana akamwuliza kwa upole ni ndugu wa nani. Cuthbert akajibu kwa niaba yake.

"Huyu ndiye mwenyekiti wa kijiwe. Aliyeninyima gari ile Alhamisi."

Ikaonekana kwamba Yuliana hakuwa na habari yoyote ya gari. Cuthbert hakuwahi kumweleza mtu. Alikuwa amefika Ijumaa ile amelowa tope, akalia, akalala usiku mmoja, akaondoka. Na tangu hapo kila akija nyumbani alikuja na mchele na ukimya. Ikabidi Izidori aeleze mwenyewe, amesimama juu ya magongo, mbele ya chanja la dagaa. Alieleza kikaratasi, mchungaji wa Liuli, msumari wa kwanza na wa tatu. Na lile neno pia alilisema. Yuliana alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyopoteza rangi, mpaka Gertruda akamsogelea akidhani anaanguka.

Akasema tu, twendeni basi.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limesakafiwa, na msalaba wa mbao umepakwa rangi nyeupe upya mwaka huo huo. Izidori alivua kofia. Kwa kuwa aliogopa kutazama watu, alisoma maandishi, na akayasoma kwa sauti kama mtu anayesali: Mama Herieth, amelala katika Bwana, tarehe 10 Aprili 2003.

"Hiyo tarehe si yake," Yuliana alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Yuliana aliushika msalaba kwa mkono mmoja.

"Mama alifariki Jumanne usiku, tarehe nane. Kile kikaratasi nilikiandika Jumatano asubuhi, ameshalala ndani. Ungeandikaje kwa mtu aliye mbali kwamba mama yako amekufa? Unaandika mgonjwa, afike salama, aambiwe akiwa amekaa. Ndivyo tunavyofanya wote. Jumatano jioni tulimzika, mvua ilikuwa haingoji. Wakati wewe unakipokea Alhamisi, Cuthbert, alikuwa ameshalala kaburini usiku mzima."

Kisha akamalizia, na sasa alikuwa akiongea na mdogo wake tu. Mama aliugua wiki tatu. Kila siku alikataza Cuthbert asiitwe, asije akapoteza kazi, naye Yuliana akatii akidhani atapona. Cuthbert alipofika Ijumaa, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini hamkuniita mapema. Akamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona. Hofu ikamjibia: alizidiwa ghafla, amefariki jana jua likizama, alikuwa anakuuliza. Majirani walijua siku ya kweli, lakini kila mmoja alidhani Cuthbert naye anajua, na nani atamkalisha mfiwa amhesabie siku. Fundi alipokuja kuuliza aandike tarehe gani msalabani, Yuliana alishindwa kurudi nyuma. Kila mwaka alipaka rangi, na kila mwaka aliyaandika yale yale.

Kwa hiyo hakuna gari lililokuwepo siku ile la kumfikisha Cuthbert kwa mama yake, si la msumari wa kwanza, si la wa tatu. Izidori alisubiri mzigo wa miaka ishirini na mmoja umtoke mabegani. Haukutoka. Lile neno alikuwa amelisema, liwe limechelewesha mtu au halikuchelewesha, na aliyeambiwa alikuwa amesimama pale, mikono imelegea, mvi kichwani. Izidori akaona wazi alichopoteza: rafiki, na miaka ya ujana ya rafiki huyo, na samaki wote wale ambao Katarina hakuletewa. Akalia, na kwa sababu mikono ilikuwa kwenye magongo, machozi yalishuka bila kufutwa.

Yuliana alipiga magoti. Alisema kesho atamwita fundi aiandike tarehe ya kweli.

Cuthbert alikuwa hajasogea. Alitazama msalaba, akamtazama dada yake chini, akaona vidole vyake vilivyokauka kwa chumvi na magamba ya dagaa. Alimshika mabega akamnyanyua.

"Iache," alisema. "Mama alikufa Jumanne, lakini mimi miaka yote nimemlilia kama wa Alhamisi. Iache hiyo hiyo."

Kisha akamgeukia Izidori, akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akamfuta uso taratibu, shavu moja na la pili, kama mtu anayemsafisha mtoto.

"Kaka," alimwuliza, "sasa miaka yetu tumdai nani?"

Izidori aliliachia gongo moja, akamshika bega. Wakasimama hivyo wote watatu, wameshikana, Gertruda akiwa hatua chache nyuma yao, kwa kuwa mmoja hakuweza kukaa chini na wawili hawakutaka kumwacha amesimama peke yake.